Wembe ni Ule Ule, Lakini Nani Anaunoa?

Wakenya tunapenda kusema "wembe ni ule ule." Timu yako ikichapwa tena na watu wale wale, wembe ni ule ule. Landlodi akipandisha kodi kama mwaka jana, wembe ni ule ule. Mimi nimeisema miaka yote bila kujiuliza swali moja la kijinga: kama wembe ni ule ule kila siku, nani anaunoa?

Swali hilo lilinipata Gikomba. Nilikuwa nimeenda kutafuta viatu, nikapita mahali mzee mmoja ametandika turubai chini, akapanga makasi, bisibisi, visu na vitu vingine vya chuma vya mitumba. Katikati palikuwa na wembe wa kukunja, ule wa sinema za kitambo, unaofunguka kutoka kwenye mpini kama kisu cha mfukoni. Mpini umepasuka, chuma kina madoa, lakini ukiangalia vizuri unasoma: Sheffield. Nikamwambia mzee nina mia tatu. Akachukua, halafu akaniangalia.

"Kijana wangu, huo huwezi kutumia kama huna ngozi."

Nikadhani ananicheka vile nimekonda. Kumbe alimaanisha ngozi ya kunolea, ule mkanda mpana unaouona ukining'inia kando ya kiti cha kinyozi kwenye picha za zamani. "Bila ngozi," akasema, "hicho ni kisu cha mkate tu."

Nilifika kwangu nikatoa mshipi, ule mmoja wa ngozi kweli ninaovaa nikienda harusi, nikaufunga kwenye kitasa cha mlango. Nikaanza kunoa vile nimeona wauza nyama wakinoa: makali mbele, nguvu nyingi, haraka haraka. Mpigo wa nne, mshipi ukawa vipande viwili. Wembe nao ukawa butu kuliko nilivyoununua.

Hapo ndipo nilianza kusoma kuhusu hii maneno ya ngozi. Nilitaka tu kujua nilikosea wapi. Nikaishia kwenye hadithi ambayo kwa kweli si ya ndevu. Ni hadithi ya pesa, na ya ujuzi kukaa mkononi mwa mtu halafu kuondoka.

Mgongo unatangulia

Tuanze na kosa langu. Kwenye jiwe la kunolea, makali ndiyo hutangulia. Kwenye ngozi ni kinyume kabisa: mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata nyuma. Wembe unalala chali, mgongo na makali vyote vikigusa ngozi kwa pamoja. Ngozi lazima ivutwe ikaze, kwa sababu ikilegea inajikunja kwenye ncha ya makali na kuifanya mviringo. Hakuna kukandamiza, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ngozi ikiwa nyembamba kuliko urefu wa wembe, unaupitisha kimshazari ili makali yote yaguse, kuanzia mwanzo hadi ncha.

Halafu kuna ile sehemu ya kugeuza. Ukifika mwisho wa ngozi, unaubingirisha wembe juu ya mgongo wake, makali yakiwa hewani, kisha unarudi. Ukigeuza kupitia upande wa makali unakata ngozi. Uliza mshipi wangu.

Ngozi za vinyozi mara nyingi zilikuwa na pande mbili: kitambaa kigumu upande mmoja, ngozi laini upande wa pili. Unaanza na kitambaa, unamaliza na ngozi. Watu wengi wanaotumia nyembe hizi leo hupiga mizunguko 20 au 30 kwenye kitambaa, na kama 50 kwenye ngozi, kabla ya kunyoa. Si mara moja kwa wiki. Kila wanaponyoa.

Kwa nini mara zote hizo? Kwa sababu makali ya wembe ni membamba mno, na kila ndevu inayokatwa inayasumbua. Mwaka 2020 watafiti wa MIT kule Marekani walichapisha utafiti wao kwenye jarida la Science wakieleza jambo ambalo lilinishangaza: unywele ni laini karibu mara 50 kuliko chuma cha wembe, na bado unywele ndio unaokiharibu. Unywele hupinda unapokatwa, unakutana na makali kwa pembe mbaya, na pale ambapo chuma hakiko sawa sawa, kipande kidogo sana kinabanduka.

Ngozi haiwezi kurudisha kilichobanduka. Hiyo ni kazi ya jiwe, na jiwe linakula chuma, kwa hivyo linatumika mara moja moja. Kazi ya ngozi ni kunyoosha ile ncha iliyoanza kupinda, kuisafisha na kuing'arisha ili jiwe lisihitajike mapema. Yaani ngozi haiongezi chochote. Inazuia tu kitu kizuri kisiharibike. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayeiona, na ukiacha kuifanya siku tatu kila mtu anajua.

Chuma kizuri, mkono mgumu

Makali ya aina hii yaliwezekana sana baada ya miaka ya 1740, wakati fundi wa saa aitwaye Benjamin Huntsman, karibu na Sheffield, Uingereza, alipopata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo hadi kiwe sawa ndani na nje. Alikuwa anatafuta chuma bora cha springi za saa. Baadaye Sheffield ikawa jina unalopata kwenye nyembe dunia nzima, mpaka Gikomba.

Lakini chuma kizuri hakikuwa na maana kama huna mkono. Mwaka 1769 fundi wa visu wa Paris, Jean-Jacques Perret, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wanaume kujinyoa wenyewe. Kitabu kizima, wasee! Hiyo inakuambia kujinyoa halikuwa jambo la kuamka tu na kufanya. Wengi walilipa mtu mwingine awafanyie. Na pale ambapo watu wanalipa kwa sababu hawawezi, kuna mtu anatengeneza pesa.

Marekani, karne ya 19, hasa kusini, mtu huyo mara nyingi alikuwa Mweusi. Sababu yenyewe ni ya aibu. Wazungu wengi waliona kumnyoa mtu mwingine ni kazi ya mtumishi, haiwafai wao. Kwa hivyo wakaiacha kwa watumwa na kwa watu Weusi walioachiliwa huru. Hawakuona kwamba walikuwa wamewaachia ujuzi ambao wao wenyewe wangeuhitaji kila wiki.

Chukua William Johnson wa Natchez, Mississippi. Alizaliwa mtumwa mwaka 1809, akapewa uhuru akiwa na miaka 11, akafundishwa kunyoa na shemeji yake. Akafungua vinyozi vyake, akakopesha watu pesa, akanunua ardhi. Kuanzia 1835 aliandika shajara, na aliendelea kuiandika hadi mwaka aliokufa, 1851. Ni moja ya kumbukumbu muhimu zaidi tulizonazo za maisha ya mtu Mweusi aliyekuwa huru wakati utumwa bado ni sheria.

Sasa hapa nisikudanganye. Huyo Johnson, aliyezaliwa mtumwa, naye alimiliki watumwa. Nilipofika hapo nilifunga simu nikatembea kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kumchora kichwani kama shujaa wa video yangu. Wembe ulimpa pesa, haukumpa moyo safi. Na pesa zenyewe hazikumlinda. Aliuawa kwa risasi kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, na aliyemuua akaachiliwa. Walioshuhudia walikuwa Weusi, na sheria haikuwaruhusu watu Weusi kutoa ushahidi dhidi ya mtu aliyehesabiwa mzungu.

Dola 11 na mwaka mmoja wa shule

Mtu aliyenishika zaidi ni Alonzo Herndon. Alizaliwa 1858 huko Georgia. Mama yake alikuwa mtumwa, baba yake alikuwa yule mzungu aliyewamiliki. Utumwa ulipoisha, familia ilitolewa bila kitu. Mwaka 1878 Herndon aliondoka kwao kwa miguu akiwa na dola 11 na karibu mwaka mmoja tu wa shule. Akafanya vibarua vya shamba, akajifunza kunyoa, akafungua kinyozi kidogo, halafu mwaka 1883 akaingia Atlanta.

Atlanta aliajiriwa kwenye kinyozi cha mtu. Miezi sita baadaye alikuwa amenunua nusu yake. Kufikia 1904 alikuwa na vinyozi vitatu mjini. Kile cha mtaa wa Peachtree kilikuwa na taa za vioo zinazoning'inia kutoka darini, na baada ya ukarabati wa 1913 kilienea kutoka mtaa mmoja hadi wa nyuma yake, na milango ya mbele ya mbao za mahogani yenye urefu wa futi 16. Majaji, wafanyabiashara na wanasiasa walikuja hapo.

Fikiria hiyo picha. Mzungu ambaye hataki Herndon apige kura, hataki akae naye kwenye behewa moja la treni, anaingia, anakaa, anainua kidevu, anafunga macho. Kando ya kiti, mtu Mweusi anapitisha wembe kwenye ngozi. Mgongo mbele, geuza, rudi. Halafu anauweka shingoni mwa huyo mzungu. Na huyo mzungu analala usingizi.

Sisi husema kinyozi hajinyoi. Kwa Herndon msemo huo ulikuwa halisi kabisa. Wateja wa kinyozi chake walikuwa wazungu peke yao. Alimiliki kila kiti pale ndani, na mtu wa rangi yake hangeweza kukaa kwenye hata kimoja aseme ninyoe.

Septemba 1906 makundi ya wazungu yalishambulia watu Weusi Atlanta kwa siku kadhaa. Makadirio mengi ya waliouawa yanaanzia watu 25. Herndon alikuwa amefunga mapema siku ya kwanza, akawa nyumbani. Kinyozi chake kiliharibiwa. Ng'ambo ya barabara, kwenye kinyozi kingine, vinyozi waliuawa kazini. Miaka 20 baadaye, 1926, jiji likapitisha sheria ya kuwazuia vinyozi Weusi kuhudumia wanawake na watoto wa kizungu. Mahakama iliibatilisha, lakini ujumbe ulikuwa umefika: ujuzi ni wako, ruhusa ya kuutumia ni yetu.

Sasa angalia alichofanya na pesa. Mwaka 1905, kabla ya hizo vurugu, Herndon alinunua chama kidogo cha kusaidiana kwa dola 140. Vyama kama hivyo vilikuwa vya watu wa kawaida kuchanga kidogo kidogo ili mtu akiugua au akifa familia isiaibike. Sisi hapa tunavijua vizuri sana. Akakikuza, kikawa kampuni ya bima ya Atlanta Life. Herndon alikufa 1927 akiwa mtu Mweusi tajiri zaidi Atlanta. Na hakuwa peke yake. Durham, North Carolina, kinyozi mwingine aliyezaliwa mtumwa, John Merrick, alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya bima ya North Carolina Mutual mwaka 1898.

Mwanzo nilidhani ni bahati, vinyozi wawili na bima mbili. Siku hizi sidhani. Mtu anayepitisha wembe kwenye ngozi kila siku anajua kwamba kitu kisipotunzwa kinaharibika, na kwamba mkono wake siku moja utatetemeka.

Asubuhi ya Gillette

Wakati Herndon anajenga, kule kaskazini kulikuwa na mchuuzi aitwaye King Camp Gillette. Alifanya kazi kwenye kampuni ya vifuniko vya chupa, na bosi wake, aliyevumbua vifuniko hivyo, alimshauri abuni kitu ambacho mtu anatumia, anatupa, anarudi kununua kingine. Kwa maelezo ya Gillette mwenyewe, asubuhi moja mwaka 1895 alienda kunyoa akakuta wembe umekuwa butu kiasi kwamba ngozi haikuusaidia tena. Ulihitaji jiwe, na jiwe lilihitaji fundi. Hapo akapata wazo: kipande chembamba cha chuma, makali pande mbili, ukimaliza tupa.

Ilichukua miaka. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyetengeneza mashine za kukaza na kunoa chuma chembamba hivyo. Mwaka 1903 waliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata vishikio vikapita 90,000. Na matangazo yao yalisisitiza jambo moja: huhitaji jiwe, huhitaji ngozi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Marekani likanunua vishikio zaidi ya milioni 3 kwa wanajeshi wake. Vijana wakarudi nyumbani wamezoea kujinyoa wenyewe dakika chache asubuhi.

Ukiangalia, makali hayakupotea. Yalihama. Zamani yalikuwa kwenye mkono wa kinyozi. Sasa yako kwenye mashine ya kiwandani, na wewe unayanunua kwa pakiti.

Na sitaki kuleta ile ya "zamani kulikuwa kuzuri." Ngozi ya kunolea huwezi kuichemsha. Damu ya mteja mmoja ikiingia hapo, wa pili anaipata. Sisi tuliokulia Kenya tumefundishwa tangu darasa la chini kutotumia wembe pamoja, kwa sababu ya ukimwi, na wembe mpya kwa kila mteja umeokoa watu. Kinyozi akikuletea wembe wa kukunja wa kupitishwa kwenye ngozi, uliomnyoa mtu wa kabla yako, buda, inuka uende. Wangu haumgusi mtu mwingine yeyote.

Kwa hivyo Gillette hakuwa mwovu. Lakini fikiria kinyozi wa 1904 aliyekuwa na mkono mzuri na hana kitu kingine. Yeye hakukosea popote. Ngozi yake ilikuwa imekaza, mgongo mbele, mizunguko 50. Dunia iliacha tu kuhitaji hiyo mizunguko.

Mimi sasa

Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu moja, mimi mwenyewe nilikuwa sababu ya pili. Mama hadi leo mashangazi wakimuuliza anasema "yuko kwa mambo ya kompyuta." Nilijifunza kuhariri video kwa simu yenye kioo kilichopasuka, na kwa miaka miwili hiyo ndiyo ililipa kodi: kukata, kuweka maandishi chini, kusawazisha sauti. Nilikuwa najiambia sihitaji digrii, nina mkono.

Mwezi uliopita mteja wangu wa muda mrefu aliniambia kwa heshima kabisa kwamba kuna programu inafanya hiyo kazi kwa sekunde. Si kwamba nilikuwa mbaya. Alinishukuru hata.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mimi nilikuwa nimesoma hadithi ya vinyozi wiki nzima nikidhani ni ya watu wengine.

Nikijaribu kusema nilichojifunza kwa Herndon, ni hiki. Watu wanapenda kutuambia "jifunze ujuzi" kana kwamba hapo ndipo mwisho. Ujuzi ulimtoa Herndon shambani, ni kweli, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya kama shamba. Lakini ulikuwa na mipaka: waliamua amnyoe nani, wakavunja kinyozi chake, halafu kiwanda kikaufanya usihitajike sana. Kilichobaki ni kile alichonunua kwa dola 140 wakati mkono wake bado una thamani. Alifanya vyote viwili kwa pamoja. Alinoa, na akanunua.

Mimi sina Peachtree. Nina marafiki wawili na chama cha watu watatu tulichoanza wiki mbili zilizopita. Kila mtu anatoa elfu mbili kila wiki, tununue kamera moja ya kukodisha kwa watu wa harusi na makanisa. Ni kidogo, najua. Kamera nayo siku moja itapitwa. Lakini itakuwa kitu chetu, hata siku ambayo mkono wangu hautatafutwa.

Ule wembe bado ninao. Fundi wa viatu wa mtaani kwetu alinikatia kipande cha ngozi, nimekipigilia nyuma ya mlango. Nimeutoa butu kwa jiwe, polepole, nikiharibu mara kadhaa. Kila asubuhi napiga 50. Bado nanyoa mashavu peke yake, shingo naogopa.

Wewe kazi yako ina makali gani, na umeanza kununua nini nayo? Niambie, nasoma zote.